Tarehe ya mwisho ya rufaa: aliyekosea hesabu ni nani?

Hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya imesomwa Alhamisi, tarehe 4 Desemba 2025. Aliyeshindwa hakuridhika, anataka kwenda Mahakama Kuu. Sheria ya migogoro ya ardhi ya Tanzania Bara inampa siku 45. Mwisho wake ni lini?

Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 5. Desemba inatoa siku 27, zinabaki 18, na siku ya 45 inaangukia tarehe 18 Januari 2026. Hiyo ni Jumapili. Mahakama ikiwa imefungwa siku ya mwisho, sheria inakuruhusu kufungua rufaa siku inapofunguliwa tena, yaani Jumatatu tarehe 19. Sikukuu za katikati hazikusaidii kitu. Uhuru, Krismasi na siku inayofuata, Mwaka Mpya na Mapinduzi zote zimehesabiwa kama siku nyingine, maana kinachotazamwa ni siku ya mwisho tu. Hata likizo ya mahakama, ile ya katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, haisimamishi chochote. Majaji wako likizo, siku zako zinakwenda.

Hadi hapo ni hesabu ya darasa la tatu. Sasa tuongeze jambo moja la kawaida kabisa: mtu wetu aliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu Jumatatu tarehe 8 Desemba, akakabidhiwa nakala tarehe 22. Sheria ya Ukomo wa Muda inasema muda uliohitajika kupata nakala unatolewa kwenye hesabu. Vizuri. Lakini unatolewa vipi?

Ukitoa siku za kuanzia tarehe 8 hadi 22, ambazo ni siku 15, mtu wetu alikwisha kutumia siku tatu za mwanzo (tarehe 5, 6 na 7), amebakiwa na 42, na mwisho wake ni Jumatatu, 2 Februari 2026. Ukifuata desturi ya watu wengi ya kuanza kuhesabu upya tangu siku nakala ilipotoka, unafika Alhamisi, 5 Februari. Na kama ile barua ya kuomba nakala haionekani kwenye jalada, hakuna siku hata moja inayotolewa, na tunarudi pale pale kwenye tarehe 19 Januari. Hukumu moja, mtu mmoja, sheria moja, na tarehe tatu za mwisho zilizoachana kwa zaidi ya wiki mbili. Akifungua rufaa tarehe 4 Februari, kwa hesabu moja kawahi, kwa nyingine kachelewa siku mbili, kwa ya tatu kachelewa nusu mwezi.

Hoja yangu inaanzia hapo. Ugomvi wa ukomo wa muda katika mashauri ya madai mara chache unahusu kujumlisha. Unahusu tarehe za kuanzia na za kukatia, na nyingi ya tarehe hizo zimo mikononi mwa ofisi ya mahakama yenyewe: nani alipokea barua, lini nakala ilikuwa tayari, lini ilitoka. Anayezitunza ni karani, anayeadhibiwa zikikosekana ni mrufani.

Mahakama ya Rufani imelitazama jambo hili kwa haki zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2021 ilisisitiza kwamba siku za kusubiri nakala zinatoka zenyewe, bila mtu kulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda, ili mradi kumbukumbu zionyeshe tarehe tatu: ya uamuzi, ya kuomba nakala, na ya kukabidhiwa. Kabla ya hapo wapo waliorudishwa wakaombe kwanza ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, ilhali hawakuwa wamechelewa. Msimamo huo ni mzuri, ila kila kitu ndani yake kimening'inia kwenye yale maneno "ili mradi kumbukumbu zionyeshe".

Ichukue nakala ya hukumu uitazame ukurasa wa mwisho. Kuna jina na saini ya hakimu au mwenyekiti, tarehe ya kusomwa, na mstari ule mashuhuri usemao haki ya rufaa imeelezwa. Chini yake kuna muhuri unaothibitisha kwamba ni nakala halisi. Ndani ya muhuri, ukiwa na bahati, kuna tarehe iliyoandikwa kwa kalamu. Usipokuwa na bahati kuna nafasi tupu. Na hata ikiwepo, ni tarehe ya nini? Ya siku nakala ilipothibitishwa, siku ilipokuwa tayari kuchukuliwa, au siku ulipoichukua? Nakala inaweza kugongwa muhuri Jumanne ikakaa kwenye kabati wiki nzima huku mwenye nayo akiambiwa "njoo kesho". Daftari la kutolea nyaraka, lile unalosaini dirishani, ndilo linalojua ukweli, na daftari hilo haliambatanishwi kwenye rufaa ya mtu.

Mwenye wakili anajua la kufanya: barua inapelekwa ndani ya siku chache, nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inahifadhiwa. Asiye na wakili anaomba kwa mdomo. Anakwenda dirishani, anaongea na karani kwa heshima, anaambiwa bado haijachapwa, anarudi kijijini. Amefanya hivyo mara nne au tano, kwa nauli ya bodaboda na basi, na kwa macho ya sheria hajaomba kitu.

Kuna mtego mwingine ambao ni mbaya zaidi kwa sababu unamnasa mtu mwangalifu. Shauri likianzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, na ya kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni 30 nyingine. Kanuni za rufaa hizo, ambazo ni za tangu 1964, hazidai uambatanishe nakala ya hukumu. Matokeo yake mahakama za juu zimesema mara kwa mara kwamba kusubiri nakala si sababu ya kuchelewa, maana umesubiri kitu ambacho hukukihitaji. Kisheria hilo halina kasoro. Lakini mwambie mkulima aliyenyang'anywa shamba aandike sababu za kupinga hukumu ambayo hajaisoma, aliyoisikia mara moja ikisomwa haraka haraka chumbani. Mtu mwenye busara atangoja nakala, na ngoja ngoja yake ndiyo itakayomuumiza matumbo.

Ukipanda hadi Mahakama ya Rufani, kanuni zake za 2009 zimepangika vizuri lakini hazina huruma. Notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi. Nakala ya notisi kwa upande wa pili ndani ya siku 14. Rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu notisi ilipowekwa. Kumbukumbu za mwenendo wa kesi zikichelewa, Msajili wa mahakama anatoa cheti cha kuondoa siku zilizotumika kuziandaa, lakini cheti hicho kinakusaidia tu kama uliomba kumbukumbu kwa maandishi ndani ya siku 30 za uamuzi na ukampa mwenzako nakala ya barua hiyo. Ukisahau kumpelekea nakala, cheti kimekufa mikononi mwako hata kama Msajili alikisaini kwa wino wa dhahabu.

Halafu kuna vyeti vyenyewe. Cheti kinaandaliwa na ofisi ya Msajili, kinasainiwa na Msajili, kinataja tarehe ambazo zimo kwenye majalada ya Msajili. Kikiwa na tarehe isiyo sahihi, anayeumia ni mrufani. Tangu uamuzi wa mwaka 2003 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba kitu kinachoitwa cheti kinapaswa kisiwe na kosa, na rufaa kadhaa zimefutwa kwa sababu cheti kilitoa siku zisizostahili au kilianza na tarehe ya barua isiyokuwepo. Siku hizi mahakama mara nyingine hukubali cheti kirudishwe kikarekebishwe, jambo la kushukuru. Hata hivyo msingi haujabadilika: wakili makini anapopewa cheti analazimika kumkagua Msajili kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mwanafunzi, kwa kuwa kosa la Msajili litahesabiwa la mteja wake.

Marekebisho ya 2019 yalijaribu kuweka uwiano. Msajili anatakiwa kuwa na nakala tayari ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa, na mrufani anatakiwa kwenda kuzichukua akijulishwa, au ndani ya siku 14 baada ya hizo 90 kwisha. Soma tena sentensi hiyo kwa jicho la haki. Msajili akipitisha siku 90, kanuni haimpi adhabu yoyote. Mrufani akipitisha 14, ametoa silaha kwa mpinzani wake.

Na adhabu si ndogo. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, shauri lililofunguliwa nje ya muda linatupiliwa mbali, hata kama upande wa pili hakulalamika. Neno "kutupiliwa" hapo lina uzito wake mahakamani: shauri lililofutwa kwa kasoro unaweza kulirekebisha na kulirudisha, lililotupiliwa mbali kwa ukomo limekwisha hapo, huwezi kurudi mahakama ile ile kuomba kuongezewa muda. Wapo waliodhani kanuni ya mwaka 2018 inayozitaka mahakama zijali haki ya msingi kuliko ufundi ingewaokoa. Mahakama ya Rufani ilizima matumaini hayo mapema, katika rufaa ya Baraza la Kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya Tanzania Breweries: kanuni hiyo haikuletwa ili kuvunja masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri.

Inabaki njia ya kuomba kuongezewa muda kabla hujatupwa. Kipimo kinachotumika kila siku ni cha uamuzi wa shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, maombi ya mwaka 2010. Ueleze muda wote wa kuchelewa; kuchelewa kusiwe kwa kupindukia; uonyeshe bidii na si uzembe; au uonyeshe sababu nyingine nzito, kwa mfano uharamu ulio wazi ndani ya uamuzi unaopingwa. Kabla yake, uamuzi wa maombi ya mwaka 2007 ulikwisha kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo.

Hiyo siku moja ndiyo inayotoa watu jasho. Mtu amechelewa siku 19. Kiapo chake kinasema aliugua, na cheti cha hospitali kinathibitisha siku 8. Siku 4 alikuwa akitafuta wakili, wakili akachukua siku 5 kuandaa maombi. Jumla ni 17. Siku 2 zimekwenda wapi? Huenda zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Huenda alikuwa hoi kitandani nyumbani. Kiapo hakisemi, na maombi yanakataliwa. Sipingi kwamba uzembe uadhibiwe. Aliyeshinda kesi naye ana haki ya kulala usingizi akijua mambo yamekwisha. Ninachouliza ni kwa nini mizani hiyo hiyo ya siku kwa siku haitumiki kwa ofisi iliyokaa na nakala kabatini.

Kwenye kufungua kesi mpya mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu muda ni mrefu: madai ya mkataba miaka 6, ya madhara miaka 3, ya ardhi miaka 12. Kosa linalojirudia huko ni moja tu, mazungumzo. Watu wanadaiana, wanaandikiana barua, wanakaa vikao na wazee au na mawakili, wanaahidiana, na miaka inapita. Katika rufaa ya kampuni ya P & O International dhidi ya TANAPA, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba mazungumzo kabla ya kwenda mahakamani hayajawahi kusimamisha muda. Kinachoweza kuuanzisha upya ni jambo kama mdaiwa kulikiri deni kwa maandishi na kutia saini. Kwa hiyo ukikaa naye mezani, usiondoke na ahadi ya mdomo.

Kwa mdaiwa muda ni mfupi: siku 21 tangu kupokea samansi awe ameleta utetezi wake wa maandishi. Zikimpita ana siku 7 za kuomba, na akikubaliwa anaongezewa 10. Hapo napo swali la kwanza ni lile lile: samansi ilipokelewa lini, na nani aliisaini?

Majirani zetu Kenya wamejaribu dawa tofauti kwa kipande kimoja cha tatizo hili. Kanuni zao za mwenendo wa madai, Amri ya 50, zinafuta kabisa kwenye hesabu siku za kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari, zote mbili zikiwemo. Siku 24 ambazo hazipo kwenye kalenda ya mashauri. Ni ukarimu wa maana, lakini nao una mwiba. Kanuni inataja muda uliowekwa na kanuni hizo au na amri ya mahakama. Siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu zimewekwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai yenyewe, kifungu cha 79G, na sio na kanuni. Je, Krismasi inazigusa? Majaji wa Kenya wamewahi kutoa majibu yanayopingana. Wakili mwenye akili timamu wa Nairobi au Mombasa anafungua rufaa yake kana kwamba Krismasi haipo.

Teknolojia ilitarajiwa kumaliza haya. Kwa kanuni za Tanzania za 2018 za kufungua mashauri kwa mtandao, waraka uliotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Afrika Mashariki, unahesabiwa umefunguliwa siku hiyo. Mfumo ukigoma, una hadi saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata kwenda kueleza. Safi kabisa, mpaka unapofika kwenye ada. Unatuma Ijumaa usiku, ofisa anakagua Jumatatu, kontroli namba inatoka Jumanne, unalipa Jumanne hiyo hiyo. Umefungua lini? Msimamo wa zamani, tangu enzi za makaratasi, ni kwamba waraka umefunguliwa siku ada ilipolipwa. Majaji wa Mahakama Kuu wamegawanyika juu ya hilo, wengine wakishika siku ya kutuma na wengine siku ya kulipa. Mtu anaweza kupoteza nyumba kwa sababu namba ya malipo ilichelewa kutoka kwenye mfumo ambao hauendeshi yeye.

Na lile jambo la Jumapili nalo limekuwa gumu bila watu kugundua. Sheria inazungumzia siku ambayo mahakama "imefungwa", na waliotunga mwaka 1971 walikuwa wanauona mlango na kufuli. Mfumo wa mtandao haufungwi. Sijui kwa nini mpinzani mjanja asisimame siku moja kudai kwamba Jumapili mahakama ilikuwa wazi. Ukitaka tabu zaidi, fikiria siku ya mwisho inayokaribiana na Idd el Fitr, ambapo hujui kama kesho ni sikukuu mpaka mwezi uandame.

Wengi wanapendekeza mahakama iandike tarehe ya mwisho ya rufaa kwenye kila hukumu. Sikubaliani. Ukomo wa muda unagusa mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri, hivyo tarehe iliyoandikwa na karani haiwezi kumfunga jaji wa rufaa, na mtu aliyeamini tarehe yenye kosa atakuwa ameangushwa mara mbili. Tena siku ya hukumu hakuna ajuaye nakala itatoka lini, kwa hiyo tarehe hiyo ingekuwa bahatisho.

Ninachokitaka ni kidogo zaidi na kinawezekana kwa kanuni ya ukurasa mmoja. Kila nakala ya hukumu ibebe, kwa chapa na si kwa kalamu, tarehe nne: ya kusomwa, ya kuombwa, ya kuwa tayari, na ya kukabidhiwa. Ombi la mdomo dirishani liingizwe kwenye mfumo na karani papo hapo, mwombaji apewe namba kama anavyopewa anayelipa luku. Mfumo wa mashauri wa kielektroniki tayari unazijua karibu tarehe zote hizo. Unazionyesha kwa watumishi wa mahakama na mawakili. Asiye na wakili mara nyingi hazioni.

Kanuni hiyo iwe na sentensi ya pili pia, kwa sababu bila hiyo ya kwanza ni mapambo: tarehe iliyochapwa na mahakama ikiwa na kosa, mrufani aliyeitegemea asihesabiwe amechelewa kwa siku alizopotezewa na kosa hilo. Najua pingamizi litakalokuja, kwamba makarani na wateja watakula njama kuandika tarehe za uongo. Njama hizo zinawezekana leo kwa kalamu na daftari, tena kwa urahisi zaidi kuliko kwenye mfumo unaoandika saa, dakika na jina la aliyebonyeza.